Uchambuzi wa kisa: Madigadi mpya za Beetle zilizoshika kutu msimu mmoja tu, Kisumu

Hiki kisa naandikia wale mnaoagiza paneli mpya za magari ya zamani halafu mnadhani kazi imeisha siku kontena inafika Mombasa. Garage ya kwanza haitajwi, duka lililouza paneli halitajwi, na vitu viwili vitatu kuhusu mwenye gari nimevigeuza asitambulike. Mambo ya kutu yenyewe sijagusa.

Gari na mwenyewe

Gari ni VW Beetle ya mwanzo wa miaka ya sabini, zile za taa ya mbele iliyosimama, betri ya volti 12. Mwenyewe ni mama muuguzi aliyestaafu, mafundi wote wanamwita Sista. Aliachiwa na baba yake, mzee ambaye kwa miaka mingi aliitumia kwenda Ahero na kurudi. Ahero nataja makusudi, manake ile ni Kano, udongo mweusi, na ule udongo ukishajipaka ndani ya madigadi hautolewi na mvua, unakaa pale umeshika maji wiki nzima huku juu gari inaonekana imekauka na inang'aa na wewe unajisifu.

Watu wakisikia kutu ya Kisumu wanalaumu ziwa. Victoria ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hivyo upepo wake hauli bati vile upepo wa bahari unakula gari za Mombasa. Kinachokula huku ni unyevu usiokatika pamoja na tope lililoganda mahali hakuna mtu anaosha. Na enzi zile watu walikuwa wanaingiza gari ziwani kabisa kuosha, maji yanapanda mpaka juu ya sili (lile boksi la bati linalopita chini ya mlango), baba ya Sista akiwemo. Maji yakishaingia kwenye sili ya Beetle kutoka ni shida, matundu ya chini yalishazibwa na tope zamani.

Gari ilipoanza kutengenezwa hali ilikuwa hivi: madigadi zote nne zimeliwa kwenye mstari wa bolti, sili zote mbili zimeoza (kwa Beetle sili ndio pia njia ya hewa moto kutoka injini ya nyuma kuja mbele), bati la mbele chini ya boneti lina matundu, na sakafu ya kulia nyuma unaona barabara. Hiyo sakafu ya kulia ni ugonjwa wa Beetle dunia nzima. Betri inakaa chini ya kiti cha nyuma upande huo huo, asidi inadondoka kidogo kidogo, na hakuna anayeinua kiti kuangalia mpaka siku mguu upite.

Paneli zilivyofika

Kijana wa Sista yuko Uingereza, yeye ndiye aliagiza. Madigadi nne, sili mbili, nusu ya sakafu na bati la mbele. Hilo bati la mbele lilikuja la 1302, ile Super Beetle, ambayo pua yake si sawa na ya Beetle ya kawaida, haikuingia. Badala ya kungoja tena meli, fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye akapewa lile la zamani kama sampuli, akakata na kugonga jipya kwa bati jeusi la kawaida la geji 20, karibu milimita 0.9. Hili bati kumbukeni, litarudi.

Zile za ng'ambo zote zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi nzuri, laini, inang'aa. Kila mtu aliyeziona alisema hizi ni orijino, hizi zimeshapigwa praima tayari.

Hela ya kuchomelea haikuwepo bado kwa hivyo zikawekwa stoo. Zilisimamishwa juu ya simiti, zimefungwa nailoni ile ile zilikuja nayo, zikapitia mvua za vuli zikiwa hivyo. Nailoni inafungia unyevu ndani, usiku kukipoa maji yanaganda juu ya bati kama jasho, mchana joto, usiku tena. Zilipofunguliwa zilikuwa na vidoti vya rangi ya chungwa kwenye kingo. Fundi alivifuta kwa msasa akaendelea.

Garage ya kwanza ilifanya nini

Mfuatano wake nauweka hapa wote kwa sababu kosa liko kwenye mfuatano kuliko kwenye mkono wa fundi, fundi mwenyewe anajua kunyoosha bati.

Walichomelea sili na sakafu kwanza. Halafu wakaja kufunga madigadi, na kama kawaida ya paneli zisizotoka kiwandani kwenyewe, matundu ya bolti hayakulingana na ya bodi. Ikabidi kupanua kwa tupa na grainda, kingo mbili zikapunguzwa, moja ikapindwa kidogo ili taa ikae. Wakafunga na raba mpya ile nyembamba inayokaa kati ya madigadi na bodi. Baada ya kufunga ndio wakapaka fila (ile pasta ya kujazia mabonde) juu ya ile nyeusi, wakapiga praima ya kijivu ya thina, ile ya bei ya chini, wakasugua kwa maji nje uwanjani, gari ikalala pale na kesho yake asubuhi wakapiga rangi. Chini wakamwaga andasili (ile lami ya kupaka chini ya gari) kila mahali, welding zote zikafunikwa.

Gari ilitoka Januari na ilikuwa inapendeza, hilo lazima niseme. Picha zilitumwa mpaka Uingereza.

Kutu ilivyojitokeza

Mvua ndefu ilianza Machi. Mwezi wa Mei kukawa na vimalengelenge kama punje za mtama kando ya raba kwenye madigadi ya mbele kushoto. Juni zikawa zote mbili za mbele. Julai fila ya ile iliyopindwa ikaanza kuinuka kipande kizima, ukibonyeza inalia. Chini ya mlango wa dereva kukatokea mchirizi wa kahawia unaoshuka kila ikinyesha. Sista alikuja na gari akasema, "Wanangu, hii ngozi imetoka malengelenge na sijaimwagia maji moto."

Garage ya kwanza ilisema paneli ni feki. Muuzaji naye aliulizwa akasema paneli ni nzuri, mafundi ndio hawajui. Hapo ndio gari ikaja kwetu, na kazi ya kwanza haikuwa kurekebisha, ilikuwa kujua nani anasema ukweli, kwa sababu kama paneli ni mbovu unatupa, kama ni kazi mbovu unazifungua na kuziokoa.

Uchunguzi

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Chukua kitambaa cheupe, loweka thina kali, kandamiza juu ya ile rangi nyeusi mahali pasipoonekana kwa kama dakika moja, halafu sugua. Kama nyeusi inahamia kwenye kitambaa, hiyo si praima, ni rangi ya safari tu ya kuzuia kutu melini, na lazima itolewe yote mpaka bati. Kama inagoma, kitambaa kinabaki safi, hiyo imepakwa kwa umeme ndani ya pipa la rangi na kuokwa, hiyo unaweza kuiacha, unaikwaruza tu kwa msasa au skochi ishike koti la juu.

Tulipima ndani ya madigadi, kitambaa kikatoka kama kimefuta masizi. Zote nne. Tukapima sili, upande uliobaki bila andasili, kitambaa safi kabisa. Yaani paneli za oda moja, duka moja, weusi ule ule, na ndani ni vitu viwili tofauti. Kwa hivyo yule aliyesema feki na yule aliyesema nzuri wote walikuwa wanasema kitu nusu. Usipime moja ukahukumu zote.

Sasa kama sili ilikuwa na rangi nzuri ile ya umeme, mchirizi wa kahawia ulitoka wapi? Tulitumbukiza kamera ndogo ya waya, ile inachomekwa kwenye simu, kupitia tundu la hewa. Ndani kote kweusi na kusafi isipokuwa mstari mmoja wa chungwa unaofuata welding toka mbele mpaka nyuma. Moto wa welding ulichoma rangi upande wa ndani na hakuna kitu kilirudishwa pale, na hata ungetaka, mkono hauingii. Nje walifunika andasili, ndani wakaacha bati uchi ndani ya kisanduku chenye unyevu.

Sakafu tulikwangua andasili kidogo. Ilitoka kama ganda la ndizi, chini yake maji. Lami juu ya bati lisilo na praima haishiki vizuri, inapata ufa mdogo sehemu moja, maji yanaingia na hayapati njia ya kutoka.

Na bati la mbele la Kibuye? Safi. Hakuna hata kidoti, na hapo ndipo mahali panapigwa na kokoto na tope kuliko popote mbele ya gari. Tukapiga simu kuuliza lilipakwa nini. Yule fundi wa Kibuye hakufanya maajabu, alilitengeneza kwa bati uchi, na kwa sababu ni bati uchi alijua lisipopakwa leo kesho ni jekundu. Akalifuta mafuta kwa thina, akalikwaruza, akapaka epoksi ya hadina (praima ya kuchanganya vitu viwili ndio ikauke) iliyobaki kwa kazi ya matangi, mbele na nyuma, kabla ya kulipeleka. Garage iliposema lifungwe lilikuwa tayari limefunikwa pande zote mbili. Bati uchi halimdanganyi mtu. Lile jeusi la kung'aa ndilo lilifanya kila mtu aone hatua moja imeshafanywa.

Tuliamua nini na kwa nini

Madigadi: zifunguliwe zote, zitolewe rangi mpaka bati, ndani na nje. Sista aliuliza kama hatuwezi kurekebisha pale palipoinuka tu, na lilikuwa swali la haki, hela zake zilishaenda mara moja. Lakini rangi inayoyeyuka kwa thina iko chini ya jengo lote. Hata ukitengeneza sehemu moja vizuri, thina iliyo ndani ya rangi mpya inaingia pembeni na kuamsha ile ya chini, inakunja. Msingi ule hauna kiraka.

Kijana wa Uingereza alipendekeza kwa simu tuzipeleke zikachovywe zinki. Ni wazo zuri kwa chesisi nzito au geti, ila zinki ya kuchovya iko karibu nyuzi 450, na bati la madigadi lililojaa mikunjo na unene chini ya milimita moja linarudi limepinda kama limekaa kwenye jiko. Tukakataa. Sandblasting pia tukakataa kwa sababu kama hiyo, huku kwetu wengi wanaopiga mchanga wamezoea mageti na matangi, presha yao kwenye bati jembamba inalitawanya linajaa mawimbi. Tukaamua kutumia kemikali ya kutoa rangi, diski laini ya grainda na mkono.

Sili: zisikatwe. Hapa tulibishana. Fundi wetu wa welding alitaka zitoke, aanze upya apige praima ya zinki kwenye maungio. Kwa ufundi ana haki, lakini bati lenyewe lilikuwa bado zima, kutu ni ya juu juu, na ukikata sili za Beetle bila kufunga vyuma vya kushikilia mlango kwa mlango, bodi inalegea na milango haitafunga tena maisha. Kuingia gharama na hatari hiyo kwa kutu ya msimu mmoja haikutuingia akilini. Tukaamua kuosha ndani, kukausha, halafu nta ya mashimo, ile inayopulizwa ndani ya sehemu za bodi ambazo mkono hauingii.

Kuhusu oili chafu. Kuna mzee pale alisema tumwage oili ya injini ndani ya sili, vile wamefanya miaka yote. Siwezi kumdharau, oili inasaidia kuliko hewa tupu. Shida ni kwamba oili iliyotumika imebeba asidi na uchafu wa injini, inadondoka yote ndani ya wiki chache, inaharibu raba za mlango, na siku ukitaka kupaka rangi karibu na pale hakuna kitu kitashika. Juu ya hayo, kuishika kila siku si salama kwa ngozi ya fundi. Nta inabaki.

Kazi ilivyofanyika

Jambo la kwanza lilikuwa kurudisha madigadi kwenye gari zikiwa bati tupu na kuzifunga kwa bolti zote, bila raba na bila rangi. Kila tundu lililotaka tupa likapigwa tupa wakati huo. Kila ukingo, tundu la taa na la waya pia. Zikikaa sawa zinatolewa, na kuanzia hapo hakuna chuma kinachogusa bati tena. Kama kuna kitu kimoja garage ya kwanza ingefanya na kisa hiki kisiwepo, ni hiki, kwa sababu matundu waliyoyapanua baada ya rangi nyeusi yalibaki na kingo za bati uchi zimefichwa chini ya raba, na ile raba ndiyo inakaa na maji kuliko kitu chochote kwenye Beetle.

Vidoti vya stoo vilitibiwa kwa asidi ya fosforiki, vikasuguliwa, vikaoshwa, vikakaushwa kwa hita ya kupuliza. Asidi ikibaki chini ya epoksi inagombana nayo, kwa hivyo hapo kwenye kuosha usiwe na haraka. Baada ya hapo glavu. Kijana wetu mmoja alicheka glavu sana mpaka akaona alama ya kiganja chake imetokea ya kahawia juu ya madigadi iliyolala usiku mmoja. Jasho lina chumvi, na bati lililotoka kusuguliwa halina subira.

Saa ya kupaka ilitusumbua kuliko kupaka. Kanuni inayotumika ni kwamba unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85 na bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya pale umande unapoanza kuganda. Kisumu asubuhi na mapema bati limelala baridi na hewa ni nzito, ukipaka saa moja unapaka juu ya filamu ya maji usiyoiona. Mchana ukienda sana, mawingu yanajikusanya na jioni mvua. Tulikuwa tunaanza kama saa nne jua likishapasha kila kitu, na saa nane tumeweka bunduki chini. Lile la garage ya kwanza la kusugua praima kwa maji, kuilaza nje na kuamka nayo asubuhi ndio kinyume kabisa, kwa sababu praima ya thina na fila zote zinakunywa maji, na rangi ya juu inayafungia.

Halafu kompresa. Hewa ya ziwa ikibanwa inatoa maji, si matone, ni vikombe. Tulimwaga tangi kila kukicha, na kichujio cha maji tukakiweka mwisho wa paipu ndefu, mbali na kompresa, pale hewa imeshapoa. Ukikiweka pale pale kwenye mdomo wa kompresa hewa bado ni ya moto, maji yanapita kama mvuke na kuja kugeuka maji ndani ya bunduki.

Epoksi ilipigwa pande zote mbili za kila madigadi, makoti mawili, ndani pia vizuri kama nje. Fila ikaja juu ya epoksi, si chini. Maungio yakazibwa kwa silanti ya magari juu ya epoksi (ile silikoni ya choo yenye harufu ya siki msiguse, ile harufu ni asidi ya siki inatoka ikikauka, inaanzisha kutu na rangi haishiki juu yake). Ndani ya madigadi tukaongeza koti nene la kuzuia kokoto. Rangi ya juu 2K, yaani ile ya kuchanganywa na hadina. Kwenye bodi yenyewe, ule mdomo ambapo madigadi zinafungwa, tulifanya hivyo hivyo, kwa sababu haina maana kulinda upande mmoja wa sandwichi.

Wakati wa kufunga, nta ikapakwa kwenye mdomo wote kabla ya raba, na kwenye nyuzi za kila bolti. Bolti mpya za zinki.

Sili zilioshwa ndani kwa maji ya presha mpaka yakatoka meupe, na matundu ya chini yakazibuliwa kwa waya. Zikapulizwa hewa, gari ikaachwa milango wazi juani siku kadhaa, na kamera ikaingizwa tena kuhakikisha pamekauka. Nta ya mashimo ilipigwa kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachorusha pande zote, unaingiza mpaka mwisho na kuvuta polepole. Hii inafanywa mwisho kabisa, welding na rangi vikishaisha, manake nta inashika moto.

Nta ndani ya sili za Beetle ina tatizo lake, ukiwasha hita inanuka gari nzima. Kwa Kisumu sio hoja, nani anawasha hita hapa? Lakini mtu wa Timboroa au Molo afikirie mara mbili aipige wapi.

Sakafu ilikwanguliwa lami yote, ikapata epoksi, silanti kwenye maungio, halafu ndio andasili juu. Betri iliwekewa sinia ya plastiki yenye ukingo.

Matokeo

Gari imepita mvua ndefu mara mbili tangu hapo. Imeenda Ahero, imeenda Kakamega, imepigwa kokoto za murram. Madigadi tatu hazina kitu. Ya nyuma kushoto ina alama ya kutu kama ukucha karibu na bolti moja ya chini, tulipoifungua tukakuta washa (kile kisahani cha chuma chini ya kichwa cha bolti) ilizunguka pamoja na bolti wakati wa kukaza na kukata rangi mpaka bati. Sili ya kulia kamera inaonyesha nta nzima. Ya kushoto, kona ya nyuma, nta haikufika, na pale ule mstari wa chungwa umeanza tena, taratibu lakini umeanza. Sakafu ni kavu. Bati la Kibuye bado halina habari.

Kilichofaa na kilichofeli

Kilichofaa zaidi ni mfuatano: kulazimisha kazi yote ya tupa na grainda iishe kabla ya tone la kwanza la epoksi. Nikilinganisha na ubora wa bidhaa, nadhani hiyo peke yake ina uzito kuliko epoksi ya bei gani ulinunua. Bati la Kibuye linaonyesha hivyo, lilipata mabaki ya epoksi ya matangi, lakini lilipata pande zote na kwa wakati wake.

Kilichofaa pia ni kupima kila paneli kwa kitambaa badala ya kuamini rangi. Garage ya kwanza wangepima dakika moja wangeokoa madigadi nne. Siwalaumu sana kwa kutojua, ila nawalaumu kwa kusema paneli ni feki bila kupima, kwa sababu kauli hiyo karibu imfanye Sista aagize nyingine, na zingekuja nyeusi vile vile, zingepakwa vile vile.

Upande wa sili uamuzi wa kutokata naona ulikuwa sawa kwa bajeti na kwa usalama wa bodi, lakini una bei yake na bei ni ile kona. Sili ilifeli siku ya welding ya kwanza. Pale ndipo maungio yalitakiwa kupakwa praima ya zinki ile ya kuchomelewa juu yake, uwazi ukiachwa kwenye alama za kuchomea, fundi akiwa mahali penye upepo kwa sababu moshi wa zinki unaleta homa ya usiku mmoja. Ukikosa hatua hiyo, chochote unachofanya baadaye unafanya kwa kubahatisha kupitia tundu. Nta inatembea, inaingia kwenye nyufa, lakini haitembei mpaka mahali mpira haujarusha.

Washa ni jambo dogo linaloudhi. Tulilinda kila kitu halafu spana ya mwisho ikakata. Suluhisho ni washa ya plastiki au raba chini ya ile ya chuma, au kushika kichwa cha bolti kisizunguke na kukaza nati upande wa pili pale inapowezekana. Kwa Beetle mara nyingi nati imeshachomelewa ndani ya bodi, kwa hivyo ni plastiki. Ile ya nyuma kushoto imeshapata, baada ya kusuguliwa na kupakwa upya kwa brashi ndogo.

Kuosha nako. Sista alikuwa anaosha kama wengi wetu, juu paka sabuni, magurudumu, basi. Sasa anapiga maji ndani ya madigadi kila akitoka njia ya udongo mweusi, kabla haujakauka, na kijana wa kuosha ameonyeshwa kupitisha waya kwenye matundu ya chini ya milango na sili. Sinia ya betri anaivuta mwenyewe kila mwezi anaangalia kama kuna unyevunyevu, na ameanza kunipigia simu kunieleza ameona nini.

Kwa ile kona ya kushoto tumekubaliana kutoboa tundu dogo upande wa chini, ukingo wake upakwe epoksi, lizibwe na kizibo cha raba, nta iingie moja kwa moja pale. Itafanywa Februari, jua likiwa kali na bati limekauka, kabla ya mvua za Machi. Kamera ikionyesha welding imeanza kuwa nyembamba badala ya kuwa na kutu ya juu, basi fundi wetu wa welding atapata alichotaka toka mwanzo, na Sista ameshaambiwa aanze kuweka kando.